Kaisari Aliyetaka Kusikia Adhana

Siku ya kwanza ya safari yetu ya gari huko Italia tuliondoka Bari mara baada ya sala ya alfajiri, mimi, mama watoto na watoto wetu watatu. Upande huo wa Puglia ni mizeituni na ngano, na kuta fupi za mawe baina ya shamba na shamba. Huko huendesha mkono wa kulia, kinyume cha kwetu, na mara mbili nilijikuta uso kwa uso na lori. Watoto nilikuwa nimewaahidi kwamba kutwa nzima tutafuata nyayo za mtu mmoja, Kaisari Frederick wa Pili, aliyefariki mwaka 1250.

Kituo cha kwanza kilikuwa Castel del Monte, ngome yake ya pembe nane na minara minane iliyosimama peke yake juu ya kilima. Mwanangu wa kiume alitoa mfukoni sarafu ya senti moja ya Italia, maana ngome hiyo imechorwa juu yake, akailinganisha na jengo lenyewe. Hapo kivulini, kwa mkate na zeituni, nikaanza kuwasimulia.

Frederick alizaliwa mjini Jesi tarehe 26 Desemba 1194. Babake, Kaisari Henry wa Sita, alifariki mtoto hajatimiza miaka mitatu, na mamake, Constance, akamfuata mwaka 1198. Mama huyo alikuwa binti wa Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia, yule yule aliyemweka al-Idrisi barazani pake amtungie kitabu cha jiografia kilichokamilika mwaka 1154, ambacho ndani yake Malindi na Mombasa zimetajwa. Yatima akakulia Palermo, mji uliotawaliwa na Waislamu tangu 831 hadi 1072, na Kiarabu kilikuwa bado kinasikika mitaani. Mwaka 1220 akavishwa taji la ukaisari mjini Roma. Alipenda elimu kupita kiasi. Alianzisha chuo kikuu cha Naples mwaka 1224, akaandika kitabu kizima juu ya uwindaji wa kipanga, na maswali yake ya falsafa yakafika hadi Sabta, ambako Ibn Sab'in aliyajibu.

Lakini kisa walichokipenda watoto ni cha Baitul Mukadas. Kaisari alikuwa ameapa kwenda kupigana vita vya msalaba, akachelewa mno, hata Papa Gregory wa Tisa akamtenga na kanisa mwaka 1227. Akaenda hivyo hivyo mwaka uliofuata. Badala ya kupigana, akaandikiana na Sultani al-Malik al-Kamil wa Misri, mtoto wa nduguye Salahuddin, na mwezi wa Februari 1229 wakafunga mkataba wa miaka kumi. Mji ukapewa Kaisari, na Haram yenye Msikiti wa Aqsa ikabaki mikononi mwa Waislamu. Kwa hayo Papa alikasirika, na huko Damaskasi watu walilia msikitini. Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba usiku aliolala mjini humo, kadhi wa Nablus alimzuia mwadhini asiadhini, kwa kumstahi mgeni. Asubuhi Kaisari alimlaumu kadhi, kwani alikuwa ametamani kuisikia adhana.

Watoto walimpenda papo hapo. Nami, msomaji, nilitamani niikomeshe hadithi hapo, lakini kituo cha pili kilikuwa Lucera.

Waislamu wa Sisilia walipoasi milimani, Frederick huyu huyu aliwavunja nguvu, na kuanzia miaka ya 1220 akawang'oa kwenye kisiwa walichokaa karne nyingi, akawaleta bara, hapa Lucera. Wanahistoria hukisia walikuwa watu 15,000 hadi 20,000. Aliwaachia misikiti na kadhi wao, wakalima ngano, wakafua silaha, na wapiga mishale wao wakawa walinzi wa nafsi yake. Aliwaamini kwa sababu hawakuwa na mwingine wa kumkimbilia, na Papa asingeweza kuwageuza. Mke wangu aliuliza kama huo ni wema au ni hesabu. Nilimjibu kwamba naona ni hesabu iliyofanana sana na wema.

Ukuta mkubwa unaouona leo, wa mita kama 900, ni kazi ya Charles wa Kwanza wa Anjou, baada ya ukoo wa Frederick kuangushwa. Mwanawe, Charles wa Pili, ndiye aliyeimaliza jamii hiyo. Agosti mwaka 1300 mji ulivamiwa, misikiti ikavunjwa, na wengi wa watu wake wakauzwa utumwani. Tulizunguka vichochoro vyake kimya. Binti yangu mkubwa alitafuta jiwe lenye maandishi ya Kiarabu, asilione.

Jua lilikuwa limepinda tulipofika Fiorentino, kilima cha magofu katikati ya mabua ya ngano. Hekaya husema Kaisari alitabiriwa kufia mahali penye jina la ua, akawa anaukwepa mji wa Firenze. Kumbe Izraili alikuwa akimngoja hapa. Alifariki kwa maradhi ya tumbo tarehe 13 Desemba 1250, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 56. Maiti yake ilipelekwa Palermo, na kaburi lilipofunguliwa mwaka 1781 alikutwa amevikwa vazi lililotariziwa herufi za Kiarabu.

Tulitandika mkeka, tukatafuta kibla kusini mashariki, tuswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja. Mwanangu aliomba aadhini yeye, nikamruhusu. Hakuna aliyemsikia ila sisi na mbwa wa mchungaji kule bondeni. Kisha tukakunja mkeka, tukashuka kwenda kulala Foggia.