Fahrenheit: mtu aliye nyuma ya herufi F kwenye kipimajoto chako

Umempima mtoto, kipimajoto kinasoma 100. Usishtuke, wala usikitupe ukidhani kimeharibika. Tazama herufi iliyo kando ya namba. Ikiwa ni F, hizo ni nyuzi za Fahrenheit. Kwa nyuzi za C tunazotumia zahanati, ni 37.8. Hiyo F ni jina la mtu.

Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa mwaka 1686 mjini Danzig, ambao leo ni Gdańsk, nchini Polandi. Alipokuwa na miaka 15 tu, baba na mama yake walifariki siku moja kwa kula uyoga wenye sumu. Walezi wake wakampeleka Amsterdam, Uholanzi, akajifunze biashara. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye vifaa vya kupimia, akaiacha biashara na kuwa fundi wa vipimajoto.

Wakati ule kila fundi alichora alama zake. Vipimajoto viwili katika chumba kimoja vilisoma tofauti, hivyo namba ya huyu haikumsaidia yule. Fahrenheit alitaka visome sawa. Alitumia zebaki, na mwaka 1724 akaeleza alama zake tatu: 0 kwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi; 32 kwa barafu na maji bila chumvi; na 96 kwa mwili wa mtu mwenye afya, kipimajoto kikiwekwa mdomoni au kwapani. Baadaye kipimo hicho kilirekebishwa kidogo, ndiyo maana leo joto la kawaida la mwili ni karibu 98.6.

Alifariki The Hague mwaka 1736, akiwa na miaka 50. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Uswidi akaleta kipimo chenye hatua 100 kati ya maji kuganda na maji kuchemka. Hiyo ndiyo C. Joto ni lile lile, namba ni mbili.

Kubadili F kuwa C

Toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Mfano: 100.4 toa 32 ni 68.4, gawanya kwa 1.8, unapata 38.

- 95.9 F = 35.5 C
- 98.6 F = 37 C (kawaida)
- 99.5 F = 37.5 C (homa)
- 102.2 F = 39 C
- 104 F = 40 C

Lini uende kituo cha afya?

Mtoto wa chini ya miezi 2 akifika 37.5 C au zaidi, au akishuka chini ya 35.5 C, mpeleke mara moja. Mtoto wa umri wowote akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kuwa mgumu kuamka, mpeleke hata kama hujampima.

Ukifika, mama, mtajie mhudumu namba pamoja na herufi yake.