Ahmad bin Naaman

Ahmad bin Naaman Al-Kaabi (alifariki 1869) alikuwa karani wa Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Anajulikana kama mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kutembelea Marekani, na kwa picha yake iliyochorwa huko mwaka 1840.

Safari ya New York

Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Ili kukuza biashara hiyo alituma jahazi lake la kivita Sultana, lililojengwa Bombay, na kumweka Ahmad kuwa msimamizi wa bidhaa. Lilifika New York tarehe 30 Aprili 1840 likiwa na tende, kahawa, mazulia, karafuu, sandarusi, ngozi na pembe za ndovu 108.

Kulikuwa pia na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, zikiwemo farasi wawili na lulu. Kwa kuwa sheria ilimzuia Rais kujipokelea zawadi za wafalme, bunge liliruhusu zipokelewe kwa niaba ya taifa.

Picha na mavazi

Akiwa New York, Ahmad alichorwa na Edward Mooney. Hakubadilisha mavazi yake kufuata desturi ya wenyeji wake: katika picha amevaa kilemba na joho. Kwa watu wa pwani mavazi hayo yalionyesha cheo. Joho lilivaliwa juu ya kanzu na watawala, maofisa na matajiri, na namna ya kufunga kilemba ilitambulisha asili na daraja ya mtu. Mtumwa hakuruhusiwa kujipamba hivyo. Kwa hiyo picha hii ni ushahidi adimu wa mavazi ya waungwana wa Zanzibar kabla ya kuenea kwa kamera.

Kurudi na urithi

Sultana iliondoka New York mwezi Agosti ikafika Zanzibar Desemba 1840. Ilirudi na vitambaa vya pamba, shanga, bunduki na baruti. Kitambaa hicho cha Marekani kiliitwa merikani. Misafara ilikipeleka bara, hata nchi zilizo nyuma ya Pangani kama Uzigua, na kilitumika kama nguo na kama fedha. Wakati joho lilibaki vazi la wachache, merikani ilivaliwa na watu wa kawaida, huru na watumwa.