Gannibal: Mwafrika aliyetumikia makasri ya St. Petersburg

Wadau, St. Petersburg ni mji wa kung'aa. Makuba ya makanisa yana dhahabu, makasri yamejipanga kandokando ya mto Neva, na watalii kazi yao ni picha tu. Mwenzenu nilikuwa natafuta nyayo za Mwafrika mmoja, Abram Petrovich Gannibal. Wengi mnamjua Pushkin, yule mshairi mkubwa wa Urusi. Basi mama yake Pushkin alikuwa mjukuu wa huyu mzee.

Nilianzia Kanisa Kuu la Petro na Paulo, lenye mnara wa zaidi ya mita 122, ndani ya ngome. Humo, chini ya marumaru nyeupe, amelala Tsar Peter Mkuu aliyeuanzisha mji mwaka 1703. Mwaka 1704 aliletewa mtoto mweusi wa kama miaka 8, aliyechukuliwa Afrika na kupitishwa Istanbul. Kwao hasa ni wapi, wataalamu bado wanabishana: wengine wanasema Ethiopia au Eritrea ya leo, wengine Logone-Birni, kaskazini mwa Kameruni.

Tusidanganyane. Wakubwa wa Ulaya enzi hizo walipenda kuwa na mtoto mweusi nyumbani kama pambo. Ila Peter alimbatiza mwaka 1705, yeye mwenyewe akawa baba wa ubatizo, na akaona kijana ana kichwa cha hesabu. Mwaka 1717 akampeleka Ufaransa. Huko kijana akapigana vita, akajeruhiwa, akasomea mizinga na ujenzi wa ngome, akarudi Urusi mwaka 1723.

Mwaka 1725 Peter akafariki, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ukienda kisiwa cha Vasilievsky utaliona kasri la Menshikov, lenye vyumba vilivyopambwa kwa vigae vya Kiholanzi kuanzia ukutani hadi darini. Huyu bwana alikuwa swahiba wa Peter, na baada ya msiba akashika nchi mkononi. Mwaka 1727 akamtupa Gannibal Siberia, hadi Selenginsk, karibu na mpaka wa China. Lakini cheo ni dhamana. Mwaka uleule Menshikov naye akaporomoka, akapelekwa hukohuko Siberia, na akafia huko mwaka 1729. Gannibal akarudi.

Kilichomwokoa ni nini? Mimi naona ni ujuzi. Mwaka 1726 alikuwa ameandika kitabu cha jiometri na ujenzi wa ngome, akamkabidhi Catherine wa Kwanza. Watu wenye utaalamu huo walikuwa wachache, kwa hiyo serikali ilimhitaji ipende isipende.

Nikamalizia Kasri la Majira ya Baridi, lile la kijani na nyeupe ambalo leo ni sehemu ya jumba la makumbusho la Hermitage. Aliyeagiza lijengwe ni Elizabeth, binti wa Peter, aliyetwaa kiti mwaka 1741. Mama huyu hakumsahau mtoto wa ubatizo wa baba yake. Akampa shamba kubwa, akamfanya mkuu wa ngome ya Reval, ambayo leo ni Tallinn, na mwaka 1759 akampa cheo cha jenerali mkuu. Elizabeth akafa kabla hajahamia kasri lake jipya. Mwaka 1762 Gannibal akastaafishwa, basi.

Sasa, tusimfanye malaika. Mke wake wa kwanza, Evdokia, alimtuhumu uzinzi, akasota kifungoni miaka mingi. Gannibal akaoa mke mwingine kabla ndoa ile haijavunjwa, na talaka ikatoka mwaka 1753. Tena shamba alilopewa na Elizabeth lilikuja na mamia ya wakulima ambao kisheria walikuwa mali ya bwana wao. Yaani aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto alizeeka akimiliki watu.

Alifariki mwaka 1781 kijijini Suida, kusini mwa jiji, akazikwa hukohuko, mbali na marumaru ya wafalme waliompandisha na kumshusha. Milango ya makasri ilifunguliwa na kufungwa kwa matakwa ya wenyewe. Jiometri yake hakuna aliyeweza kumnyang'anya, hata kule Siberia.

Wadau, mnasemaje? Huyu ni wa kujivunia moja kwa moja, au wale wakulima nao tuwahesabu?