JOHN DEWEY: MWALIMU ALIYETIA JIKO NA KARAKANA DARASANI

Katika mwambao wetu, kabla shule za serikali hazijaenea, mtoto alikuwa na vyuo viwili. Kimoja ni chuo cha Qur'ani, alipokaa juu ya jamvi na ubao wake mbele ya mwalimu. Cha pili ni kazi ya wazee wake. Mwana wa fundi wa jahazi alishikishwa nyundo na pamba ya kalafati hata kabla ya kubaleghe, na binti alijua kuchana miyaa kabla ya kusuka ukili, na kusuka ukili kabla ya kushona mkeka. Hakuna aliyekesha akiandika maazimio ya kazi ya wiki, kwani kazi yenyewe ilikuwa na mpango wake. Chombo hakishushwi majini kabla ya kutiwa kalafati.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mtoto wa miaka sita hushinda shuleni, na kazi za wazee wake hazioni. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kujaribiwa nchini Kenya mwaka 2017, mzazi huagizwa alete leo udongo, kesho gundi, keshokutwa vifuu vya nazi. Wazazi wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: haya ni masomo, au ni michezo ya kupoteza wakati na pesa?

Swali hilo si geni. Liliulizwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita katika mji wa Chicago, Marekani, na aliyelijibu kwa vitendo ni mwanafalsafa John Dewey. Basi na tuyatazame maisha yake, msomaji, kwani yana mafunzo kwa mwalimu na kwa mzazi pia.

KIJANA WA BURLINGTON

Dewey alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1859 katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Baba yake, Archibald, alikuwa mwenye duka la vyakula. Katika miji midogo na mashamba ya enzi hizo mtoto aliona kwa macho yake njia za riziki: kondoo akikatwa manyoya, sufu ikisokotwa, mishumaa ikitengenezwa, gogo likipasuliwa mbao. Kila mtoto alikuwa na sehemu yake katika kazi za nyumba. Baadaye Dewey alikuja kuandika kwamba maisha ya aina hiyo yalimfunza mtoto nidhamu na tabia ya kazi.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Vermont mwaka 1879, akaenda kufundisha shule ya sekondari kwa miaka miwili katika mji wa Oil City, jimbo la Pennsylvania. Kisha akarudi kutafuta elimu, na mwaka 1884 akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 1886 akamwoa Bibi Alice Chipman. Bibi huyu alikuwa msomi na mtu wa msimamo, na inasemekana ndiye aliyemvuta mumewe kutoka falsafa ya vitabuni akamwelekeza kwenye maisha ya watu.

Mwaka 1894 Dewey aliitwa Chuo Kikuu cha Chicago kuongoza idara ya falsafa, ambayo ilikusanya pia saikolojia na elimu ya ualimu. Chicago wakati huo ulikuwa mji wa moshi na reli, uliojaa wahamiaji. Watoto wake walijua nguo hutoka dukani na mkate hutoka kwa mwoka mikate, basi. Hapo ndipo Dewey alipoona pengo. Ile shule ya nyumbani imekwisha, na shule ya serikali inamkalisha mtoto kimya akariri. Nani atamfunza mkono?

MADAWATI YASIYOPATIKANA

Januari 1896 Dewey alifungua shule ndogo chini ya chuo kikuu hicho. Ilianza na wanafunzi 16 na walimu wawili tu. Watu waliiita shule ya maabara, kwa sababu fikra za malezi zilikuwa zikijaribiwa humo kama daktari ajaribuvyo dawa.

Yeye mwenyewe alipenda kusimulia alivyohangaika kutafuta meza na viti. Alizunguka katika maduka ya vifaa vya shule mjini na hakupata alichotaka. Mwishowe muuzaji mmoja, mtu mwenye busara kuliko wenzake, akamweleza kuwa hawataweza kumhudumia, kwa sababu yeye anataka meza za watoto kufanyia kazi, hali madawati yao yote yametengenezwa kwa ajili ya kusikiliza. Dewey aliona maneno hayo yamefupisha hadithi yote ya elimu ya zama zake.

WIKI MOJA DARASANI

Watu wengi hudhani kuwa katika shule ile watoto waliachiwa wafanye wapendavyo. La hasha. Walimu walikutana kila wiki, na mara nyingi Dewey alikuwapo. Walizungumzia kazi iliyofanyika, jinsi watoto walivyoipokea, na ipi ifuate. Aidha, waliandika taarifa za kazi za kila wiki. Kwa hiyo mpango wa wiki mpya ulitoka katika mambo yaliyoonekana wiki iliyopita, na haukunakiliwa kutoka daftari la mwaka jana.

Watoto wa miaka sita walianza na mambo ya nyumba na shamba. Walitengeneza shamba dogo katika meza ya mchanga, wakaligawa makonde, wakajenga nyumba na banda kwa vipande vya mbao. Walipanda ngano katika uwanja wa shule. Ili kupima ua wa shamba lao walihitaji rula, na kwa haja hiyo wakajua nusu na robo. Hesabu haikuja kama adhabu bali kama chombo cha kazi.

Wa miaka saba walifuata safari ya binadamu tangu kuishi mapangoni: moto ulipatikanaje, silaha zilitengenezwaje, watu walijifunza vipi kusuka nguo. Wakubwa zaidi walipewa sufu, pamba na kitani kama vilivyotoka kwa kondoo na shambani, waume kwa wake, wote wakashika. Kikundi kimoja kilikaa nusu saa kikichambua pamba kwa vidole, kuondoa mbegu na maganda, na mavuno yao hayakutimia wakia moja. Hapo wakafahamu bila kuhubiriwa kwamba mtu mmoja kwa mikono mitupu atapata yapata ratili moja tu kwa siku nzima, na ndiyo sababu wazee wao walivaa sufu badala ya pamba. Kutoka vidoleni somo likaingia katika historia, mashine na biashara.

Jikoni nako hivyo hivyo. Kabla ya kupika yai, watoto walichunguza maji: yanapoanza kutoa mvuke, yanapotokota pole pole, na yanapochemka kwa nguvu, kisha wakatazama kila hali inaufanya nini ute mweupe wa yai. Mtu angeweza kuwapa maelezo ya upishi wakafuata, wakala, wakasahau. Dewey alitaka wajue sababu.

Hapa ndipo lilipo jibu la mzazi anayeuliza kuhusu gundi na vifuu. Kwa Dewey, kazi ya mkono peke yake si somo. Somo ni pale mwalimu anapokuwa amekwisha kuona, kabla ya Jumatatu, kazi hiyo itamfikisha mtoto wapi ifikapo Ijumaa. Kazi isiyo na njia mbele yake ni mchezo tu, hata ikigharimu pesa nyingi.

MSIBA NA UGOMVI

Shule ilikua. Kufikia mwaka 1902 ilikuwa na wanafunzi 140, walimu 23 na wasaidizi kumi. Hesabu hiyo yaonyesha utukufu wake na udhaifu wake pia, kwani ilihitaji walimu wengi kwa watoto wachache, na pesa zilikuwa shida.

Bibi Alice alikuwa mkuu wa shule. Ilipounganishwa na shule nyingine ya chuo kikuu, kulizuka fitina juu ya cheo chake, na Rais wa chuo, William Rainey Harper, akaeleza kuwa kazi hiyo amepewa kwa mwaka mmoja tu. Dewey na mkewe walikuwa hawakulifahamu jambo hilo hivyo. Mwaka 1904 wote wawili wakajiuzulu. Kazi ya miaka minane ikawatoka mikononi.

Wala msiba haukuja peke yake. Mwaka 1895 walikuwa wamempoteza mtoto wao mdogo, Morris, aliyekufa kwa dondakoo wakiwa Italia. Na mwaka ule ule wa 1904, walipokuwa safarini Ulaya baada ya kuacha kazi, mwana wao Gordon, wa miaka minane, alifariki kwa homa ya matumbo huko Ireland. Mtu aliyejitolea kwa watoto wa wenzake alizika wawili wa kwake. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1905 alianza kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 1930. Kitabu chake mashuhuri kuhusu demokrasia na elimu kilitoka mwaka 1916.

SAFARI YA UTURUKI

Jina lake likavuka bahari. Mwaka 1919 alikwenda Japani, kisha Uchina, alikokaa hadi 1921. Na mwaka 1924 aliitwa na serikali ya Uturuki kuzitazama shule zake. Huo ndio mwaka ambao ukhalifa ulifutwa na shule zote nchini humo kuwekwa chini ya wizara moja, jambo lililowagusa Waislamu duniani kote.

Lakini mgeni huyu hakuwaambia Waturuki waige Marekani. Katika taarifa yake alishikilia walimu kwanza: waandaliwe vizuri na walipwe mshahara wa kutosha. Alionya pia dhidi ya kufanya shule zote za nchi ziwe namna moja, na akataka kila shule ifungamane na maisha ya watu wa mahali pake, ili ya shambani ijue mambo ya shamba.

HAKUFAHAMIWA

Kadiri sifa zake zilivyoenea, ndivyo wengi walivyomfahamu kombo. Zikatokea shule zilizotupa mpango wote, zikadai zinamfuata Dewey. Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 78, aliandika kitabu kifupi kuwakanya. Alifafanua kuwa si kila tendo linaelimisha. Mengine humpotosha mtoto au humwacha pale pale. Mwalimu anayemwacha mtoto huru, kwa rai yake, ana kazi kubwa zaidi ya kupanga kuliko yule anayefuata kitabu ukurasa kwa ukurasa.

Dewey alifariki mjini New York tarehe 1 Juni 1952, akiwa na umri wa miaka 92. Shule aliyoianzisha Chicago ingali ipo.

MAFUNZO KWETU

Tukimfuata mtu huyu, mwalimu wa darasa la kwanza huku pwani hahitaji kuagiza vitu vya Ulaya. Mnazi unatosha. Jumatatu watoto waletewe dafu na nazi kavu, wazishike, wazitikise, wapime uzito, waseme tofauti. Jumanne mwalimu afue nazi kwa kifuo wakitazama, nao wahesabu na kutenga makumbi, vifuu na nyama ya nazi. Jumatano ikunwe kwa mbuzi, tui likamuliwe mara mbili, wapime vikombe na waulize kwa nini la kwanza ni zito. Alhamisi wasokote kamba ya usumba uliokwisha kuandaliwa, wajaribu nani kamba yake haikatiki. Ijumaa asubuhi waandike na wasome majina ya vitu vyote walivyoshika. Humo mna hesabu, sayansi, lugha na kazi ya mkono, kwa gharama ya nazi mbili tatu.

Lakini tazama, msomaji: wiki hiyo haifanikiwi kama mwalimu hakukaa mapema akaipanga, na kama ana watoto sabini hana wasaa wa kutazama mikono ya kila mmoja. Dewey alikuwa na walimu 23 kwa watoto 140. Kwa hiyo mzazi anayeagizwa vifuu asiulize bei yake tu; aulize pia vifuu hivyo vitafanya nini kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Na wanaotunga mitaala wamwulize mwalimu kama amepewa nafasi ya kuupanga huo wakati. Mafundi wetu wa zamani walijua kwamba mbao na misumari peke yake havifanyi chombo. Chombo kinakwenda kwa sababu fundi alikiona kichwani kabla ya kushika msumeno.