Bwana Grogan na Samaki wa Mto Gura

Mtu akitaja Nyabugogo, wengi wetu hukumbuka kituo cha mabasi tu. Lakini Nyabugogo ni mto kwanza. Hutoka katika ziwa Muhazi na kuingia Nyabarongo, na maji yake hufuata Akagera hata ziwa Viktoria, kisha Nili mpaka Misri. Ni maji ya vuguvugu yenye matope, kwa hiyo hayamfai trauti, samaki wa Ulaya apendaye maji baridi na safi yaendayo mbio. Trauti wako Kenya, na aliyewapeleka huko aliwahi kupita pande zetu kwa miguu.

Ewart Scott Grogan alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Alisoma Cambridge asimalize, akaja kusini mwa Afrika kupigana katika vita vya Wamatebele mwaka 1896. Baadaye, huko New Zealand, alimpenda msichana aitwaye Gertrude Watt. Baba wa kambo wa msichana hakuamini kuwa kijana huyu ana maana. Grogan akaahidi kuipita Afrika kutoka Rasi hadi Kairo. Alianza mwaka 1898. Alipita ziwa Tanganyika, ziwa Kivu na chini ya milima ya moto, akaufuata Nili, akafika Kairo mwaka 1900. Mwaka ule ule akamwoa Gertrude.

Mwaka 1904 walihamia Kenya. Huko Grogan aliona mito ya milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake kina mita zipatazo 4,000. Kwetu hakuna majira ya theluji, lakini mito ile ni baridi mwaka mzima. Basi mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, ili yatiwe katika mto Gura.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mayai ya trauti yakipata joto hufa, nayo yalipaswa kuvuka bahari, kushuka Mombasa penye jua kali, kupanda gari la moshi, na mwisho kupandishwa mlimani na wapagazi. Yalifika mazima, samaki wakazaana, na mpaka leo wako.

Mvuvi wa trauti mara nyingi hatumii wavu wala nyungunyungu. Hufunga manyoya ya ndege juu ya ndoana ndogo mpaka ifanane na inzi. Huirusha kwa ufito mrefu, ikatua juu ya maji polepole kama mdudu wa kweli. Samaki akishtuka, siku imepotea. Kazi hiyo yataka subira na mkono mwepesi.

Lakini Bwana Grogan hakuwa na mkono mwepesi siku zote. Mwezi wa Machi mwaka 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, aliwapiga viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta riksho, kwa kuwa walidhaniwa kuwavunjia heshima wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja tu.

Gertrude alifariki mwaka 1943. Kwa kumkumbuka, Grogan alitoa kiwanja Nairobi, na mwaka 1947 ikaanzishwa hospitali ya watoto yenye jina lake, ambayo ingali ikitibu watoto. Yeye mwenyewe alifariki Cape Town mwaka 1967, akiwa na miaka 92.

Je, tumhesabu mtu huyu kuwa mwema au mbaya? Mimi naona tusifiche lolote: safari, samaki, hospitali na viboko, yote ni yake. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa kawaida tunampa haki hiyo mwenye jina. Nasi tuwape pia wapagazi waliopanda Nyandarua na mzigo ule, kwa maana bila vichwa vyao hapangekuwa na trauti hata mmoja katika mto Gura, na hakuna aliyeandika majina yao.