Otto Loewi na Mioyo Miwili ya Vyura

Otto Loewi alikuwa mwalimu wa elimu ya dawa, aliyeonyesha jinsi mishipa ya fahamu inavyopeleka amri zake mwilini.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1873 mjini Frankfurt, Ujerumani, katika jamaa ya Kiyahudi. Ujanani alipenda zaidi historia ya sanaa, lakini akasomea udaktari. Katika hospitali ya Frankfurt aliwaona wagonjwa wengi wa kifua kikuu na nimonia wakifa, waganga wasiwe na dawa ya kuwapa. Akaacha wodi, akageukia utafiti, na mwaka 1909 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Graz, Austria.

Siku zile wataalamu wengi walidhani kwamba mshipa wa fahamu huuamuru moyo kwa nguvu ya umeme tu. Loewi alishuku kwamba pengine mshipa hutoa kitu kama dawa, ila hakuona njia ya kukipima. Basi usiku wa kuamkia Pasaka ya 1920, kama alivyosimulia mwenyewe, aliiota njia hiyo. Akaamka, akaandika kikaratasini, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake! Jumapili nzima ilimpita kwa uchungu. Usiku uliofuata, saa tisa, wazo likarudi. Sasa hakutegemea tena kikaratasi. Aliondoka kitandani akaenda moja kwa moja maabara.

Alitwaa mioyo miwili ya vyura, ikingali inapiga, mmoja una mishipa yake ya fahamu, wa pili umeondolewa. Akautia wa kwanza maji ya chumvi na kuusisimua mshipa wake kwa umeme, mapigo yakapungua. Kisha akayahamisha maji yale katika moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, ingawa hakuna mshipa ulioguswa. Kumbe amri ilikuwa ndani ya maji.

Kitu hicho ndicho asetilikolini, ambacho hutumika hata katika ubongo. Mwaka 1926, pamoja na Navratil, alionyesha kwamba dawa itokayo katika haragwe la Calabar, huko Nigeria, hukizuia kisiharibike upesi. Dawa za namna hiyo hupewa leo baadhi ya wazee wenye maradhi ya kusahau, nazo huwasaidia kidogo ingawa haziwaponyi.

Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na rafiki yake Mwingereza, Henry Dale. Lakini Machi 1938 Wanazi waliingia Austria, na usiku uleule wakamkamata, na wanawe wawili pia. Alitazamia kuuawa. Twastaajabu kwamba hapo gerezani alichoomba ni kalamu na kadi ya posta, akaandika matokeo ya utafiti wake wa mwisho yapelekwe gazeti la sayansi. Kadi ilipokwisha kutumwa moyo wake ukatulia.

Aliachiliwa baada ya kiasi cha miezi miwili, lakini ilimbidi kwanza aamuru benki ya Stockholm iwape Wanazi fedha za tuzo. Akaondoka mikono mitupu, akapitia London, Brussels na Oxford, na mwaka 1940 akafika New York kufundisha chuoni. Mkewe, Guida, aliweza kumfuata mwaka 1941 tu.

Alifariki New York siku ya Krismasi, 1961, mwenye umri wa miaka 88.