Pasteur: Msomi aliyetegua kitendawili cha mvinyo mkongwe

JINA la Louis Pasteur huambatana na maziwa yanayouzwa madukani na chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata hivyo, kabla ya kupata sifa hizo, mwanasayansi huyo Mfaransa alishughulikia swali lililowatatiza wakulima wa zabibu tangu jadi: kwa nini mvinyo mwekundu mmoja huzidi kunoga kadiri unavyozeeka, ilhali mwingine hugeuka siki?

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 mjini Dole, mashariki mwa Ufaransa. Babake, aliyewahi kuwa askari wa Napoleon wa Kwanza, alikuwa mtengenezaji ngozi. Familia hiyo baadaye ilihamia Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu, na huko ndiko kijana huyo alikokulia.

Hata ugunduzi wake wa kwanza, mnamo 1848, ulihusu chumvi za asidi ya tartariki, ambayo huganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Kufikia 1857 alikuwa ameanza kuthibitisha kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai visivyoonekana kwa macho matupu.

Mwaka wa 1863, Mfalme Napoleon wa Tatu alimtaka achunguze maradhi ya mvinyo. Mkataba wa biashara wa 1860 ulikuwa umewafungulia Wafaransa soko la Uingereza, lakini shehena nyingi ziliharibika safarini na kuwatia wafanyabiashara hasara.

Pasteur alirejea Arbois mwaka uliofuata, akageuza mkahawa wa zamani kuwa maabara. Kwa darubini, alibaini kwamba kila namna ya kuharibika ilikuwa na viini vyake.

Ndipo alipoligeukia suala la kukomaa. Alitia mvinyo mwekundu ambao ulikuwa bado mchanga ndani ya mirija ya kioo na kuiziba kabisa. Mingine aliijaza pomoni. Mingine aliiachia nafasi ya hewa. Mvinyo uliokosa hewa haukubadilika sana. Ule uliopata hewa ulififia rangi, ukaweka mashapo, na ulipoonjwa ukawa na ladha ya mvinyo mkongwe.

Kumbe hewa iliyolaumiwa kwa kuharibu mvinyo ndiyo pia iliyoukomaza. Tofauti ilikuwa katika kipimo. Oksijeni inayopenya polepole kwenye mbao za pipa hulainisha ukali wa mvinyo, lakini hewa nyingi huvipa viini vya siki nafasi ya kustawi.

Kazi hiyo ilifanywa katika kipindi cha majonzi. Tayari alikuwa amempoteza bintiye Jeanne mnamo 1859. Juni 1865 babake aliaga dunia, na Septemba mwaka huo huo akamzika Camille, aliyekuwa na umri wa miaka miwili. Mei 1866, homa ya matumbo ilimuua Cécile, mwenye umri wa miaka 12. Kitabu chake kuhusu mvinyo kilichapishwa mwaka huo huo.

Ili kuua viini, alipendekeza mvinyo upashwe moto kwa kiasi cha nyuzi 50 hadi 60 pasipo hewa. Wapinzani walidai joto lingeharibu ladha. Waonjaji mahiri wa Paris walipoitwa kuamua, Pasteur alishuku kwamba walikuwa wakiongozwa na dhana. Aliwapa mvinyo ule ule katika sampuli mbili bila kuwaambia, nao bado wakaona tofauti. Tangu hapo ilidhihirika kwamba ulimi pekee si hakimu wa kutegemewa.

Baadaye, jeshi la majini lilipakia mvinyo kwenye meli ya Jean Bart, nusu ukiwa umepashwa moto. Baada ya miezi 10, nusu hiyo ilikuwa salama, huku ile nyingine ikianza kuharibika.

Mwaka wa 1868, kiharusi kilimpooza upande wa kushoto, lakini hakikumzuia kufanya kazi. Mnamo 1874 alinunua shamba la mizabibu karibu na Arbois, na mwaka wa 1885 akamwokoa mtoto Joseph Meister kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Alifariki Septemba 28, 1895.

Wataalamu waliomfuata wamefafanua zaidi. Tanini, zinazokausha ulimi, huungana polepole na chembe za rangi. Sehemu yake hutuama kama mashapo, na wekundu wa zambarau hugeuka kuwa wa matofali. Katika chupa, mabadiliko hayo huendelea kwa oksijeni kidogo mno.

Mivinyo bora ya kuhifadhiwa kwa miaka mingi kwa kawaida haipashwi moto siku hizi. Hulindwa kwa usafi na dawa ya salfa. Joto la Pasteur limebaki zaidi kwenye maziwa. Lakini kila anayemimina mvinyo wa miaka 20 kwa uangalifu, asitibue mashapo, anashuhudia kazi ya hewa ambayo mwana huyo wa mtengenezaji ngozi aliionyesha ndani ya mirija ya kioo.